Mke wa Mrushaji: Dadu Ndani ya Sufuria

Wiki jana tuliachana vibaya. Dadu nyekundu iliruka mezani, ikagonga chupa ya sosi ya soya, ikapaa, ikatumbukia chubwi ndani ya sufuria ya oden, ule mchemsho wetu wa supu, katikati ya mayai na figili. Nikakata uhondo papo hapo. Najua mlinisema, maana wiki nzima nilikuwa napaliwa na chai.

Aliyekuja leo avute kiti, hatutamwacha nyuma.

Tuko dukani kwa Kuramochi Teiji, muuza oden wa mtaa wa maduka wa Shiomi, mzee wa miaka sitini na sita ambaye ujanani alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya Makorongo. Ni Jumanne mchana, siku ambayo duka halifunguliwi kwa wateja. Jiko dogo la gesi liko katikati ya meza na sufuria inatokota. Mkewe, Fumie, ana upawa mkononi na ulimi usio na breki. Mzee Tokunaga, kinyozi wa mlango wa pili, ndiye mwenye kadi, mwenye dadu na mwenye kanuni. Wa nne ni Hiraiwa Shingo, mrushaji nyota wa Makorongo enzi zile, aliyepanda treni asubuhi akiwa amevaa tai ili aje kuiona mechi ya mwisho.

Mechi ile ile, wajameni. Tangu majira ya maua wanaucheza upya msimu wa miaka arobaini iliyopita, kila mechi kwa tarehe yake, kwa kadi na dadu. Na kanuni kubwa ya Tokunaga ni hii: mchezaji wa zamani akirusha dadu kwa kadi yake mwenyewe, kwanza aseme macho yake yaliona nini siku ile. Tokunaga anasema dadu bila macho ni kamari, na yeye si mcheza kamari.

Sasa ni zamu ya tisa, ya mwisho. Makorongo wanaongoza kwa bao moja. Wapinzani wao, Mbwamwitu wa Kuwana, wana wakimbiaji wawili, mmoja kituo cha pili na mwingine cha tatu. Mrusho mmoja ukidakwa, ubingwa ni wa Makorongo. Siku ile ya kweli mrusho huo ulipita chini ya glavu ya Teiji, ukabingirika mpaka ukutani, wakimbiaji wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, mabao mawili, na kombe likaondoka kwa basi la watu wengine.

Dadu ni mbili, nyeupe na nyekundu, lakini hukumu ni ya nyekundu: ikionyesha moja, umepita tena. Ikionyesha kitu kingine chochote, Teiji amedaka.

Na hapo ndipo roho ya mzee wetu ilipo. Pazia la mlango wa duka lake limechakaa, na jipya linapelekwa kesho kwa mtia rangi. Majirani wanataka liandikwe Chujio, kwa sababu ndivyo mji mzima unavyomwita tangu mchoraji wa gazeti alipomchora amechuchumaa, na mahali pa glavu ameshika chujio la tambi. Teiji anataka liandikwe Kuramochi, jina la baba yake. Wakakubaliana mbele ya muuza samaki: mpira ukipita, Chujio. Mpira ukidakwa, Kuramochi, na hakuna atakayemwita Chujio tena, si mbele yake wala mgongoni pake.

Sasa hukumu iko kwenye supu.

Tokunaga alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema dadu ikianguka nje ya meza inarushwa upya, hilo kila mtu analijua. Lakini sufuria imekaa juu ya meza, kwa hiyo dadu haijatoka mezani. Ilivyolala ndivyo ihesabiwe.

Teiji akasema supu si meza. Akauliza kama kuna mtu hapo aliyewahi kupanga kadi juu ya supu.

"Supu ni yangu," Fumie akasema, "na kitu kikiingia kwenye sufuria yangu kimeshapikwa. Kihesabuni."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Wa biashara. Jina la Chujio linaleta watu. Jina la Kuramochi lilileta nini, kodi?"

Vichwa vinne vikainama juu ya mvuke. Miwani ya Shingo ikafunga ukungu mara moja, akaanza kuifuta kwa tai, hana msaada wowote. Tokunaga alikuwa na macho ya kinyozi, yaliyozoea kuona nywele moja, lakini alikaa upande wa mayai. Teiji ndiye aliyekaa upande wa figili. Akachungulia. Chini kabisa, kwenye supu ya hudhurungi, akaona uwekundu, na katikati ya uwekundu kitone kimoja cheupe.

Moja.

Angeweza kusema, tena mtu mwaminifu angesema. Lakini alifikiria mtia rangi, akafikiria kaburi la baba yake, na kinywa kikajifungulia chenyewe.

"Fumie, figili inaungua."

Mpishi ni mpishi. Kabla akili ya Fumie haijafika, mkono wake ulishafika. Upawa ulizama mpaka chini ukakoroga mara mbili, mayai yakapinduka, figili zikaelea, na dadu ikaenda inakokujua yenyewe.

Tokunaga akashika kichwa. Fumie akasimama na upawa hewani, akimwangalia mumewe kama mtu aliyeibiwa mfukoni sokoni. Akasema ameishi na mtu huyu ndoa nzima, anajua anavyokoroma, anajua anavyodanganya, na bado kanaswa kama kitoto cha samaki.

"Shemeji kuunguza si jambo geni," Shingo akasema, akivaa miwani yake. "Mnakumbuka ule wali wa jioni ya kabla ya fainali? Timu nzima tulikula makaa. Mimi nilidhani ni dawa ya bahati."

Fumie akamtishia kwa upawa, akamwambia mgeni akiongea sana hupewa yai lenye ganda. Ni kweli siku zile ndiye aliyekuwa akipika bwenini kwa wachezaji, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye kilemba cheupe, na ni kweli wali ule uliungua. Akabadilisha mazungumzo.

Dadu ilipatikana mwishowe, imejificha ndani ya kimfuko cha tofu, ile jibini ya soya. Tokunaga akaifuta kwa leso, akainusa, akatoa hukumu kwa sauti ile anayowaambia wateja kwamba upara hauna tiba. Irushwe upya. Ila kwa kuwa Teiji ameharibu ushahidi kwa hila, atalipa. Kabla hajarusha aliulizwa macho yake yaliona nini, akajibu "niliona mpira," basi. Hilo si jibu. Sasa atasema yote au harushi, na asiporusha pazia ni Chujio.

Teiji akavuta pumzi. Jambo hili hajalisema tangu lilipotokea.

Alianza polepole. Alisema aliona kupitia vyuma vya barakoa viatu vya mpigaji vikichimba udongo. Aliona jua limeshuka, kivuli cha jukwaa kimefika nusu ya uwanja, Shingo yuko juani na yeye yuko kivulini. Alimwona mkimbiaji wa kituo cha pili ameshika magoti, anachungulia vidole vya mdakaji. Alitoa ishara. Shingo akaitikia kwa kichwa. Akaweka glavu juu, usawa wa kifua, akangoja.

"Halafu nikauona unazama," akasema.

"Glavu iko juu, mpira uko chini," Tokunaga akasema. "Uliomba mpira gani?"

Teiji akachukua kipande cha figili, akakikata vipande vinne, hakula hata kimoja.

Niseme kitu hapa. Kwetu mdakaji huitwa mke wa mrushaji, na si utani wa jana. Yeye ndiye anayemjua amelalaje, amekula nini, ana hasira na nani. Mrushaji akifanya vizuri, sifa ni za mrushaji. Akiboronga, mdakaji hutoka mbele na kusema kosa ni langu, maana mke mwema haaniki barazani aibu ya mumewe. Siku ile Teiji alivua kofia ngumu, akaligeukia jukwaa, akainama mpaka nywele zikakaribia udongo. Waandishi walipomuuliza akasema maneno hayo hayo, kosa ni langu, akapanda basi. Shingo aliendelea kurusha miaka mingi na akapata jina. Teiji aliachwa na timu misimu miwili baadaye, akafungua duka.

Fumie hupenda kuwaambia wateja kwamba yeye ndiye mwanamke pekee mjini aliyeolewa na mke wa mtu.

Basi Teiji alinyamaza kama mke mwema. Na angenyamaza mpaka figili zikauke, kama Shingo asingemwekea mkono begani.

"Mwacheni jamani," Shingo akasema kwa upole. "Binadamu hukosea. Mimi nilishamsamehe siku ile ile."

Figili ikaanguka kutoka kwenye vijiti vya Teiji.

"Umenisamehe nini?"

"Basi, ndugu yangu. Yamekwisha."

"Hapana, sema. Umenisamehe nini?"

Shingo akatazama huku na huku, kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka asiyemwona. Akasema, kwa heshima zote, hakutaka kulileta mezani. Lakini yeye aliombwa mpira wa kuzama, akarusha wa kuzama. Sasa mdakaji akiomba wa kuzama kisha akaweka glavu kifuani, mrushaji afanye nini? Hakusema neno kwa mtu. Hata mkewe marehemu hakumwambia. Alijua Teiji anaumia, ndiyo maana kila mwisho wa mwaka alimtumia samaki wa chumvi, ampoze moyo.

"Yule samaki," Teiji akasema taratibu, "ni wa kunipoza mimi?"

"Wa nani mwingine?"

"Nilidhani unaomba radhi!"

Ndiyo, alipaza sauti, na paka wa jirani akatoka mbio. Teiji akasema yeye aliomba mpira wa kasi. Wa kasi! Ndiyo maana glavu ilikuwa juu. Shingo ndiye aliyerusha asichoombwa, naye Teiji akabeba lawama kwa sababu ndivyo mdakaji anavyofanya. Na kila kiangazi amekuwa akimtumia Shingo kasha la pichi ili ajue kwamba hana kinyongo, asilale na dhambi moyoni.

"Zile pichi," Shingo akasema, "nilidhani ndizo radhi zako."

Hapo Fumie akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Akasema mashujaa wawili wamesameheana miaka arobaini kwa posta, na hakuna aliyejua kwamba ana kosa. Akasema kumbe wakati yeye anasumbuka kuondoa magamba ya samaki yule, alikuwa anapika huruma. Akamwambia mumewe nyani haoni kundule, na kwamba sasa anaelewa kwa nini ndoa ya kwanza ya Teiji, ile ya uwanjani, ilivunjika.

Teiji hakucheka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho hakikuonekana na mtu: kwamba alibeba mzigo wa rafiki yake. Na sasa rafiki mwenyewe anasema mzigo ni wake.

"Simama pale mlangoni," akamwambia Shingo.

Akasogeza viti, akachuchumaa kati ya meza na friji. Magoti yakalia kama kuni kavu. Tokunaga akaambiwa awe mkimbiaji wa kituo cha pili, akaenda kusimama karibu na choo, ameshika magoti, amefurahi kupita kiasi. Shingo akasimama mlangoni na tai yake, akainamisha kichwa, na ghafla akawa kijana tena, mwembamba, mbaya wa uso, haongei.

Teiji akapeleka mkono katikati ya mapaja. Kidole kimoja. Viwili. Kimoja.

"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Mkimbiaji akiwa kituo cha pili anaiba ishara, kwa hiyo tunaonyesha tatu na moja tu ndiyo ya kweli. Kwetu ilikuwa ya kwanza. Kimoja ni mpira wa kasi."

"Kwetu ilikuwa ya pili," Shingo akasema. "Viwili ni wa kuzama."

"Ya kwanza. Msimu mzima ya kwanza."

"Msimu mzima, ndiyo. Lakini Mbwamwitu walikuwa wameshatusoma wiki ile. Tukabadilisha jioni ya kabla ya fainali. Mkimbiaji akiwa kituo cha pili, ishara ya pili."

"Tukabadilisha nani? Mimi na nani?"

Shingo akamkumbusha mwiko wake, na hakuna wa enzi zile asiyeujua. Kuanzia jua la siku ya kabla ya kurusha mpaka mechi iishe, alikuwa haongei na mdakaji wake hata neno moja. Mume asiongee na mke kabla ya vita, alisema babu yake, mvuvi wa nyangumi, na Shingo alishika hivyo. Teiji akimfuata uwanjani kati ya mirusho, alimfukuza kwa glavu kama kuku. Na siku ile hakuna Mbwamwitu aliyesimama kituo cha pili mpaka zamu ya tisa, kabla tu ya mrusho ule. Bao lao la kwanza lilikuwa mpira uliovuka ukuta, mpigaji akazunguka vituo vyote bila kusimama. Kwa hiyo ishara mpya haikuwa imejaribiwa hata mara moja.

"Mimi siongei, kwa hiyo nilituma neno," Shingo akasema. "Kama siku zote."

"Kwa nani?"

Shingo akafungua mdomo. Halafu akaufunga, maana siku zote maneno yake yalipita njia moja, pamoja na trei za wali. Macho yake yakaondoka kwa Teiji, yakapita juu ya sufuria, yakatua.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Na Fumie alikuwa bado ameshika upawa.

Kicheko kilikuwa kimemkauka. Teiji, akiwa bado amechuchumaa, aliona uso wa mkewe ukienda mbali, ukirudi jikoni bwenini, ukifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Na yeye mwenyewe akaenda naye, kwa sababu alijua jioni ile ilikuwa na nini.

Alikuwa ameingia jikoni na soksi, kofia mkononi, muda mfupi tu baada ya mrushaji mmoja kutoka kwa mlango wa nyuma. Akamuuliza yule binti wa kilemba cheupe kama angekubali kumchemshia mayai hata siku timu itakapomfukuza. Binti akamtazama kwa muda mrefu. Akauliza, mayai mangapi. Wakasimama hapo wanaangaliana kama majuha wawili, na nyuma yao wali ukaungua.

Hakuna kingine Fumie alichokumbuka kutoka jioni ile. Hakuna neno jingine alilompa Teiji.

Teiji aliuona ukweli ukifika machoni pa mkewe. Akaona mdomo wake unaanza kufunguka, mdomo ule uliomwita Chujio asubuhi na jioni, mbele ya wateja na mbele ya wakwe. Angeweza kungoja sekunde moja tu, na jina lingemwondoka milele, likahamia kwa mwenyewe.

Akainuka, akiishika meza. Akaondoa kofia ambayo hakuwa nayo, akainama mbele ya Shingo.

"Aliniambia," akasema. "Fumie aliniambia jioni ile ile. Nilisahau mimi. Kosa ni langu."

Mdakaji ni mdakaji tu. Mpira ukija kombo anaukinga kwa mwili.

Shingo akashusha pumzi, akasema alijua, na kwamba hata hivyo pichi zilikuwa tamu. Tokunaga akarudi kutoka kituo cha pili akisema basi, macho yamesema, kanuni imetimia, dadu irushwe. Akamwekea Teiji zote mbili kiganjani.

Mkono wa Fumie ukakishika kiganja kile.

"Acha kunidakia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na Teiji hakuizoea. "Mimi si mrushaji wako."

Akawageukia wale wawili. Akasema hakumwambia. Alipewa neno na Shingo, akalishika vizuri, akalirudia mara tatu asilisahau, kisha mtu mmoja akaingia na soksi. Tangu hapo hakulikumbuka mpaka leo, na asingelikumbuka leo kama Shingo asingeutaja wali. Akasema yeye besiboli haijui, hakujua kwamba neno lenyewe lina uzito wa kombe. Aliposoma gazeti asubuhi ile alicheka na wenzake, na jina la Chujio ni yeye aliyelipeleka sokoni.

"Chujio ni mimi," akasema. "Miaka yote nimemwita mwenzangu jina langu."

Tokunaga, ambaye hajawahi kupata habari tamu kama hii tangu afungue duka la kunyolea, alikuwa na haya ya kuifurahia. Shingo akakaa kitini, akafungua tai.

Na Teiji? Alihisi uchungu, nao ulikuwa wa kweli: miaka arobaini si kikombe cha chai. Lakini juu ya uchungu kulikuwa na kitu kingine, kikipanda kama mvuke. Neno moja lilipotea, na lililolipoteza ni swali lake. Kwamba alimtia mtu wazimu kiasi hicho, yeye, Kuramochi Teiji, na soksi zake. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akaishia kukohoa.

"Mayai yalikuwa mangapi?" akauliza.

"Usinichekeshe," Fumie akasema, akifuta macho. "Lete dadu."

Tokunaga akasema haiwezekani, anayerusha ni mwenye kadi. Fumie akamwambia amwandikie kadi basi, na kama hana wino atampa sosi ya soya. Akasema yeye ndiye aliyerusha mpira ule, kwa hiyo atarusha na dadu. Ikitokea namba nyingine, pazia liandikwe Kuramochi, na atalipiga pasi mwenyewe kila Jumatatu. Ikitokea moja, liandikwe Chujio, na chini yake, kwa herufi kubwa, Fumie. Na mtaa mzima umwite hivyo mpaka azikwe.

"Fumie," Teiji akasema.

"Kaa ulipozoea kukaa."

Akarusha.

Nyeupe ilitulia palepale. Nyekundu ilikuwa bado na mafuta ya supu, haikushikika. Iliteleza kando ya sufuria, ikaikosa chupa ya soya, ikapita kati ya bakuli mbili, ikashika njia ya ukingo wa meza, chini, upande wa friji.

Shingo anasema hajui ilivyotokea. Anasema aliona mzee amesimama, kisha akaona mzee amechuchumaa, mkono uko chini, kiganja kimegeuzwa juu, karibu kabisa na sakafu, mahali ambapo glavu ilitakiwa kuwa siku ile. Dadu ikadondoka. Vidole vikafunga.

Amedaka.

Shingo akapiga kofi moja, akasahau kupiga la pili. Tokunaga akatafuta kanuni kichwani, akaipekua yote. Kuna kanuni ya dadu iliyoanguka, kuna kanuni ya dadu iliyosimama kwa pembe, lakini ya dadu iliyodakwa haipo, kwa sababu haijapata kutokea. Mwishowe akasema ihesabiwe inavyoonekana mkono ukifunguliwa.

"Fungua," Fumie akasema.

Teiji hakufungua. Kidole gumba cha mdakaji wa zamani, chenye sugu na kucha iliyopinda, kilikuwa ndani ya ngumi kikiupapasa uso wa juu wa dadu. Kilikwenda pembe hadi pembe. Kikakuta kishimo katikati. Kikatafuta vingine, kikakosa.

Akamtazama mkewe. Alikuwa amesimama wima na aproni yake, kidevu juu, akingoja jina lake. Teiji akaitazama ngumi yake. Kisha akaitazama sufuria, iliyokuwa hatua moja tu kutoka hapo, ikitokota taratibu bila kifuniko.

"Fumie," akasema, "figili inaungua."